Umeumia kwa jirani: nani analipa hospitali?

Kila mwaka mvua ikikamata Lubumbashi, kuta za matofali mabichi zinaanza kulala chini. Katuba, Kenya, Ruashi, Annexe, kila komini ina zake. Mara nyingi ukuta unaanguka usiku na hakuna mtu anayeumia. Lakini kuna siku unaanguka saa kumi za mchana, na chini yake kuna mtu ambaye si wa nyumba hiyo: shangazi aliyekuja kusalimia, mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi, fundi aliyeitwa kutengeneza mlango. Hapo maneno yanaanza.

"Alikuya ye mwenyewe, sikumuita," mwenye lupango anasema. "Ukuta njo wako," jamaa ya mgonjwa inajibu. Wakati wanabishana, hospitali inaandika fakture, na kila mtu anajua kwamba katika hospitali nyingi za nchi hii mgonjwa ambaye hajalipa haachiwi kutoka.

Sheria ya Congo ina jibu kwa mabishano hayo, na jibu lenyewe ni la zamani kuliko mji wa Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910. Liko katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile inayoitwa leo Kitabu cha Tatu cha Kode sivile. Ni artikle tano tu, kutoka ya 258 mpaka ya 262, na maneno yake yanafanana sana na yale ya kode ya Napoleon ya mwaka 1804, kwa sababu ndiko yalikotoka. Ya 258 inasema kwamba mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimika kuirekebisha. Ya 259 inaongeza uzembe na kukosa uangalifu: hata kama hukutaka kumuumiza mtu, unajibu. Ya 260 inakwenda mbali zaidi, inasema mtu anajibu pia juu ya watu walio chini yake na juu ya vitu alivyo navyo katika ulinzi wake. Ya 261 ni ya wanyama. Ya 262 ni ya majengo yanayobomoka.

Hakuna hata moja kati ya hizo tano inayouliza kama aliyeumia alikuwa amealikwa. Lile neno "sikumuita", ambalo watu wanalitupa mbele kama ngao, halimo katika kode.

Kisima kilicho wazi

Chukua mfano wa kisima. Katika kartie nyingi ambako bomba la maji halifiki, familia inachimba kisima katikati ya lupango, na majirani wanakuja kuchota. Mdomo wake unafunikwa kwa bati, au kwa mlango wa zamani, au haufunikwi kabisa. Siku moja mtoto wa miaka minne, wa lupango la pili, anaingia kufuata wenzake na anatumbukia. Wanamtoa, mguu umevunjika.

Mwenye kisima atasema mambo mawili. La kwanza, kisima kimekaa pale miaka kumi na hakijawahi kumfanya mtu kitu. La pili, mama wa mtoto alikuwa wapi?

La kwanza halimsaidii. Mbele ya artikle ya 260, aliyeumia halazimiki kuonyesha kwamba mwenye kitu alifanya hili au lile baya. Anaonyesha kwamba ameumia, kwamba kitu hicho ndicho kilichomuumiza, na kwamba kilikuwa katika ulinzi wa yule anayedaiwa. Mahakimu wanapenda pia kuona kasoro ya kitu, na kisima kisicho na ukingo wala kifuniko kinaonyesha kasoro yake chenyewe. Kutoka hapo mzigo unahamia upande mwingine: ni mwenye kisima anayepaswa kueleza kwa nini asilipe.

Milango ya kutokea ipo, lakini ni michache. Anaweza kuonyesha kwamba lilitokea jambo lenye nguvu ambalo hakuna mtu angeweza kulitazamia wala kulizuia. Anaweza kuonyesha kwamba ni mtu mwingine aliyeleta hasara, kwa mfano mtu aliyeng'oa kifuniko usiku na kwenda nacho. Ao anaweza kuonyesha kosa la aliyeumia mwenyewe. Wengi wanakimbilia mlango wa kwanza na kusema "ni mvua". Mvua ya mwezi wa kwanza Lubumbashi haishangazi mtu yeyote. Hakimu naye anaishi mji huo huo.

Neno la mama, hilo ni zito zaidi. Hakimu anaweza kuona kwamba wazazi pia walikosa kumwangalia mtoto, na akagawa hasara: sehemu kwa mwenye kisima, sehemu inabaki kwa wazazi. Mtoto wa miaka minne hawezi kuhesabiwa akili ya mtu mzima. Lakini mtu mzima aliyelewa, akaruka ukuta usiku wa manane na kuangukia kisima kile kile, atasikilizwa kwa sikio tofauti, na anaweza kutoka mahakamani mikono mitupu.

Bayere yuko Kinshasa, lokatere ndiye anaamka na jamaa ya mgonjwa mlangoni

Nyumba ya kupanga ndiyo inayoleta fujo kuliko zote. Bayere anaishi Kolwezi au Kinshasa, pesa ya nyumba anapewa na komisyonere, na hajaona ukuta wake tangu miaka miwili. Lokatere ndiye yuko pale. Ukuta ukimwangukia mgeni, jamaa ya mgonjwa haiendi Kinshasa. Inagonga kwenye mlango ulio karibu.

Sheria inatenganisha mambo hapa, na inafaa kuyafuata polepole. Artikle ya 262 inamtaja mwenye jengo, haimtaji anayelala ndani. Jengo likibomoka kwa sababu halikutengenezwa, au kwa sababu lilijengwa vibaya, mwenye jengo ndiye anajibu. Kusema "sikuwepo" hakumwondoi. Kusema "niliinunua hivi hivi" hakumwondoi. Kusema "ni fundi aliyeweka simenti kidogo" hakumwondoi pia: atamlipa kwanza aliyeumia, halafu yeye na fundi wake watatafutana. Ila aliyeumia naye ana kazi. Anapaswa kuonyesha kwamba ukuta ulianguka kwa kukosa matengenezo au kwa ujenzi mbaya, na ndiyo maana picha ya zile nyufa, iliyopigwa siku ile ile, inaweza kuwa na nguvu kuliko mashahidi kumi.

Artikle hiyo ni ya kubomoka tu: ukuta, paa, ngazi, balkoni, kipande cha jengo kinachoachana na jengo. Mgeni aliyeunguzwa na mafuta yaliyokuwa juu ya mbabula hakuumizwa na jengo. Mbabula ni ya lokatere, sufuria ni ya lokatere, na ni yeye aliyeiweka mlangoni pale watu wanapopita. Hapo bayere yuko nje, na lokatere anajibu kwa artikle ya 259 au ya 260. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani, mtu aulize kwanza ni kitu gani kilichoumiza, na nani alikuwa anakitumia na kukiongoza siku ile. Hiyo ndiyo maana ya "ulinzi" katika kode. Jina lililo kwenye karatasi za lupango halitoshi.

Katika lupango la nyumba nyingi, lenye kisima kimoja na choo kimoja kwa wote, ulinzi wa vitu hivyo vya wote kwa kawaida unabaki kwa mwenye lupango, kwa sababu hakuna lokatere mwenye mamlaka ya kukifunga kisima au kujenga choo upya.

Hata hivyo lokatere asilale usingizi. Aliyeona ufa unaongezeka kila wiki, akanyamaza, akaendelea kupanga viti vya wageni chini ya ukuta ule, anaweza kuambiwa kwamba naye alikosa uangalifu. Hapa ndipo wengi wanaharibu kesi yao. "Nilimuambiaka bayere mara mingi!" Ndiyo, lakini kwa mdomo, na bayere mahakamani hakumbuki kitu. Barua fupi yenye tarehe, kopi mbili, moja isainiwe na bayere au komisyonere wake, inabadilisha mambo. Ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya ufa unaweza kusaidia pia, kama simu haijaibwa wala ujumbe haujafutwa. Mikataba mingi ya kupanga mjini inaandika bei na garanti, basi. Neno moja juu ya matengenezo halimo. Kode yenyewe inamwekea bayere wajibu wa kuitunza nyumba muda wote inapopangwa, na lokatere anabaki na matengenezo madogo madogo ya kila siku.

Mbwa, waya na matanga

Kibao cha "chien méchant" kimeandikwa kwenye milango mingi ya Lubumbashi, na wenye mbwa wanakiamini kupita kiasi. Artikle ya 261 inasema mwenye mnyama, au yule anayemtumia wakati anamtumia, anajibu juu ya hasara, hata kama mnyama alikuwa amepotea au ametoroka. Kibao kinaweza kusaidia kuonyesha kwamba aliyeingia alionywa. Hakifuti deni. Na muuza mkaa asiyejua kusoma kifaransa, kibao kimemwonya nini? (Aliyeumwa na mbwa asisubiri mabishano kwisha: aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha akimbie kituo cha afya kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Bei ya chanjo ni sehemu ya hasara, risiti zitunzwe.)

Umeme una hatari yake. Kuna wanaopitisha waya wenye moto juu ya ukuta ili kuzuia wezi. Mtoto anayefuata mpira hajui hilo. Kujikinga na mwizi aliye mbele yako ni jambo moja. Kutega kitu ambacho kitaua yeyote atakayekigusa, uwe nyumbani ao usingizini, ni jambo lingine, na mwenye kutega atakuwa na maswali magumu ya kujibu. Ndani ya nyumba pia, waya uliounganishwa kwa gundi ya mpira na kupita chini ya bati lenye unyevu ni kitu kilicho katika ulinzi wa mtu fulani.

Halafu kuna matanga. Jamaa inakodi hema, viti mia, jenereta, na jirani mwema anafungua lupango lake kwa sababu la wafiwa ni dogo. Usiku wa pili nguzo ya hema inaangukia waombolezaji, au waya wa jenereta unamkamata mtu. Jirani aliyetoa mahali kwa moyo mwema anaogopa kwamba yote yatakuwa juu yake. Si lazima. Kama hema lilisimamishwa na kuangaliwa na vijana wa jamaa ya wafiwa, ulinzi wa hema uko kwa jamaa hiyo. Kama jenereta ilikuja pamoja na mfanyakazi wa mwenye kukodisha, na ni yeye aliyekuwa anaiwasha na kuizima, mwenye kukodisha bado anaishika. Jirani anarudi ndani ya hesabu kama kilichoumiza ni kitu chake mwenyewe: ukuta wake, shimo lake la choo lenye kifuniko kilichooza.

Boyi, yaya na sentinele hawamo katika hesabu ya wageni. Wao ni wafanyakazi, na ajali yao kazini inafuata sheria za kazi na za CNSS, mradi patroni aliwaandikisha. Wengi hawakuandikishwa, na hapo patroni anabaki na mzigo wote mgongoni. Fundi wa siku moja, anayekuja na nyundo zake na kufanya kazi kwa akili yake, ni kesi nyingine: akianguka kwa sababu ngazi yake mwenyewe ilikuwa mbovu, ni vigumu kumgeuzia mwenye nyumba, akianguka kwa sababu mbao za paa zilioza na mwenye nyumba alijua na hakumwambia, si vigumu tena.

Polisi, tripaix na karatasi

Mpaka hapa ni suala la pesa ya kurekebisha hasara. Lakini kuna mlango wa pili, wa Kode penale. Kuanzia artikle ya 52 mpaka ya 54 inasema juu ya mtu anayeua au kujeruhi bila kutaka, kwa kukosa kutazamia mambo au kujihadhari. Kama mtu amejeruhiwa, adhabu ni kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1 na faini, au moja kati ya hizo. Kama amekufa, ni miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na faini. Ndiyo maana mwenye kisima anaweza kujikuta mbele ya OPJ asubuhi, wakati alifikiri ni jambo la majirani.

Kesi za namna hiyo zinahukumiwa na mahakama ya amani, ile watu wanaita tripaix, kwa kuwa inahukumu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 5. Aliyeumia ana faida kubwa kupita pale. Anaweza kudai pesa zake ndani ya kesi hiyo hiyo ya jinai, bila kufungua nyingine. Anaweza hata kumwita mshtakiwa moja kwa moja mbele ya tripaix bila kusubiri parke. Anayetaka kesi ya pesa peke yake, bila jinai, atakwenda tripaix kama anachodai hakizidi franka 2.500.000 za Congo. Zaidi ya hapo ni mahakama kuu. Kesi ina gharama za kuweka kwanza, na hapo maskini wengi wanarudi nyumbani. Wasichojua ni kwamba baraza la mawakili lina ofisi ya kutoa mashauri bila malipo, na kwamba mtu asiye na uwezo anaweza kuomba karatasi ya umaskini inayompunguzia mzigo huo.

Ukweli ni kwamba kesi nyingi hazifiki huko. Wazee wa jamaa mbili wanakaa, shefu wa kartie anaitwa, mwenye lupango anakubali kulipa hospitali na kuleta gunia la unga. Sheria haikatazi. Mapatano juu ya pesa ni halali na yanafunga pande zote mbili, ila hayamzuii parke kuendelea na upande wa jinai kama inataka. Tatizo ni namna yanavyofanywa. Mtu anasaini "sina deni tena juu yake" siku ya tatu, mguu ukiwa bado kwenye plasta, kisha mwezi wa pili daktari anasema panahitajika kupasua tena. Karatasi iliyosainiwa mapema hivyo inamfunga. Heri iandikwe kilicholipwa, kilichobaki, na kwamba matibabu yatakayokuja hayajahesabiwa.

Kwa upande mwingine kuna wenye nyumba wanaokataa kumpeleka mgonjwa hospitali kwa hofu ya kwamba "nikilipa, nimekubali kosa". Hofu hiyo imeshaharibu maisha ya watu. Kulipa matibabu ya kwanza, peke yake, si kukiri, na anayeogopa anaweza kuandika kwenye risiti kwamba ni msaada. Kumwacha mtu katika hatari wakati ungeweza kumsaidia bila kujihatarisha, hilo lenyewe ni kosa katika Kode penale.

Ndugu walio Ubelgiji wanasimulia kwamba kule mtu akianguka kwenye ngazi yako unaiandikia asiransi, na urafiki unabaki. Hapa nyumba nyingi za cité hazina asiransi yoyote, na pesa inatoka mfukoni mwa mtu ambaye naye anatafuta ya kula. Hakimu anajua hilo, lakini hasara haipimwi kwa mfuko wa anayelipa. Inapimwa kwa fakture za hospitali, dawa, safari, siku ambazo muuza soko hakukaa kwenye meza yake, na maumivu yenyewe. Mahali ambapo hakuna risiti hakimu anakadiria, na makadirio yake mara nyingi ni madogo kuliko jamaa ilivyotumaini.

Muda nao unakimbia. Upande wa pesa, Kode sivile inatoa miaka mingi, kawaida yake ni 30. Upande wa jinai, kosa ambalo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja linazimika baada ya mwaka 1 tu, na kujeruhi bila kutaka ni la namna hiyo. Jamaa inayongoja mwenye lupango "apate pesa kwanza" inaweza kuamka mwezi wa kumi na tatu na kukuta mlango wa jinai umefungwa. Ushahidi unaondoka mapema zaidi. Ukuta ulioanguka leo, wiki kesho unajengwa upya. Kisima kinapata ukingo mpya wa simenti, na majirani walioona wanahama. Siku ile ile, baada ya mgonjwa kufika hospitali, mtu mmoja wa jamaa anarudi na simu kupiga picha, anaandika majina ya walioona, anapita kwa OPJ aandike PV na kutoa rekizisyo ili daktari aseme kwa karatasi ni mfupa gani umevunjika na kwa siku ngapi mgonjwa hataweza kufanya kazi.